Sura ya Saba: Ganzi ya Mgongo

Kuna kesi zinazomfikia mpelelezi zikiwa na jibu tayari, na hizo ndizo za kuogopa kuliko zote. Hii ilimfikia Inspekta Kazimili Nshoma asubuhi ya Ijumaa moja mwaka 1998, akiwa bado anapuliza uji wake kituoni Ngara. Jibu lilikuwa kwenye kikaratasi alichokileta dereva wa misheni: mkimbizi amemdunga mzee wa watu sindano ya mgongo, mzee ameganda, wananchi wanamtaka mkimbizi. Chini yake mtu mwingine alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba lori la uhamiaji lingepita hospitalini saa kumi jioni kumchukua mtuhumiwa na kumvusha mpaka, hivyo polisi wafanye hima kukamilisha makaratasi.

Kazimili aliusoma mstari huo mara mbili, akauacha uji. Alikuwa Msukuma mnene mwenye mwendo wa taratibu, mtu wa kuandika kila anachoambiwa hata kama ni upuuzi, na wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo. Miaka minne ya kambi za wakimbizi ilikuwa imemwonyesha jinsi mambo yanavyokwenda wilayani. Ikipotea sufuria, mwizi ameshajulikana kabla sufuria haijatafutwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu mgeni wa leo kamba yake ilikuwa inangoja saa kumi.

Hospitali ya misheni ilikuwa kilimani, mbele kidogo ya Mbuba. Getini askari alikuwa akipekua vikapu vya watu kama kawaida, akitafuta maturubai, mablanketi na dawa za kambini, maana biashara hiyo ilikuwa imeshamiri na amri ilikuwa kwamba kitu chochote chenye mhuri wa kambi kikamatwe pamoja na mwenye nacho. Nje ya geti walisimama wanaume kama ishirini na panga zao, kila mmoja akijifanya anatoka shambani. Kazimili aliwasalimia, wakaitikia kwa adabu, na hakuna aliyeondoka.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Frednand, mtoto wa mgonjwa, mwanamume wa makamo aliyehamia Nyamahanga kule Biharamulo kutafuta ardhi ya kulima. Alikuwa amefika jana mchana kwa baiskeli baada ya kupata habari, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa kulia.

"Baba aliingia hapa kwa miguu yake, afande," alisema. "Anatapika, sawa. Ngiri imembana, sawa. Lakini alitembea. Wamemtoboa mgongo, sasa hata kope hapepesi."

Alieleza kwamba baba yake, Mzee Bartholomayo, alipokelewa Jumanne jioni na kupasuliwa Jumatano asubuhi. Aliyemtia ganzi ni Mrundi mmoja anayeitwa Niyibizi. Usiku wa Jumatano mzee akaanza kukakamaa, na kufikia Alhamisi hakuweza kufumbua mdomo. Kwa Frednand sababu ilikuwa wazi kama mchana: mwaka jana mzee alikwenda kwa ofisa mtendaji kuwashtaki wakimbizi waliokata mikaratusi yake kwa kuni, nao wakaweka kisasi. Kazimili akauliza kama Niyibizi alikuwa miongoni mwa waliokata miti. Frednand akakiri kwamba hajui, ila hawa watu ni ndugu wamoja.

"Na kabla ya ngiri, mzee afya yake ilikuwaje?"

"Mzima. Mkono wa kulia tu ulikuwa unamtetemeka, uzee. Na Pasaka nilipokuja, kanisani bega lilikuwa linamcheza lenyewe, kama mtu aliyesikia ngoma. Watoto wakacheka, mama akawafinya."

Kazimili aliandika yote, bega na kufinywa kwa watoto pia.

Mzee Bartholomayo alikuwa kitanda cha mwisho cha wodi ya wanaume. Alilala chali, shingo imenyooka, mikono imejikunja kifuani, na shuka lilikuwa limelowa jasho. Macho yalikuwa wazi yakitazama dari. Kazimili alimgusa paji la uso, akakuta linachoma. Alijaribu kuunyoosha mkono wake, ukanyooka kwa kusitasita, kidogo kidogo, kama kufuli lenye kutu. Sakafuni, mgongo wake ukiegemea kitanda, alikaa mkewe, Bi Speciosa, mwembamba, kanga mbili zimefungwa kiunoni kwa mkazo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaitazama saa ya mkononi ya inspekta. "Saa ngapi, baba?"

Kazimili alimwambia kwamba ni saa nne kasoro. Mama akashukuru, akarudisha macho sakafuni. Aliulizwa maswali matano, na yote akajibu kwa namna moja: mume wake hakuwa na ugonjwa wowote, hakuwa anakunywa dawa yoyote, hata ya kichwa.

Kisha Kazimili akaomba faili. Fomu ya ganzi ilikuwa imejazwa vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza: mgonjwa amelazwa nusu kaputi kwa ketamini, ile sindano ya usingizi, hali nzuri, sahihi ya daktari msaidizi, Modestus. Hapakuwa na neno lolote kuhusu mgongo. Kazimili akamwomba Agripina, muuguzi wa zamu, amsaidie kumgeuza mzee. Chini ya kiuno, katikati ya uti wa mgongo, palikuwa na plasta ndogo, na chini ya plasta tundu la sindano.

Hapo, tuseme ukweli, mambo yalimgeukia mkimbizi vibaya. Mtu akifanya jambo halali, ya nini kuliandikia fomu ya uongo? Agripina naye aliliona tundu lile, akafyonya. Alikuwa mwanamke mchapakazi aliyechoka, mwenye wagonjwa thelathini na wawili peke yake, na alikuwa amewahi kumtetea Niyibizi mbele ya watu. Akasema hajui tena aamini nini, na hata huyu mama naye anamchosha, tangu Jumanne kazi yake ni kuuliza saa. Saa moja asubuhi anauliza, saa saba anauliza, saa moja jioni anauliza, na hata chakula chenyewe hali.

Kazimili aliyaandika hayo nayo.

Daktari msaidizi Modestus alipatikana ofisini akijifanya anapanga majalada. Ndiye aliyempasua mzee. Kazimili aliiweka fomu mezani, hakusema kitu, akajikalia kitini na kukunja mikono juu ya tumbo. Watu wengi hawawezi kuvumilia kunyamaziwa na askari mnene. Modestus alivumilia kwa muda wa kutosha kuvua miwani, kuifuta na kuivaa tena.

"Niyibizi amesomea kazi ya ganzi Bujumbura miaka minne," alisema mwishowe. "Ananizidi hata mimi. Lakini vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba yake. Kwa karatasi za hapa yeye ni mhudumu wa kufagia. Mhudumu akichoma ketamini nikiwa nimesimama pale, hakuna anayeuliza. Akigusa uti wa mgongo, tunafungwa wote wawili. Kwa hiyo fomu zote naandika ketamini."

"Umemwandikia uongo ili kumlinda."

"Ndiyo, afande."

"Sasa huo ndio wanaokwenda kumfungia nao."

Modestus akainamisha kichwa. Alisema yuko tayari kuandika upya kwa mkono wake, na kama ni kufungwa, basi. Kazimili akampa karatasi safi na kalamu, kwa sababu watu wanaosema wako tayari huwa tayari kwa dakika kumi tu.

Niyibizi alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya dripu tangu jana jioni, na walinzi walisema ni kwa usalama wake, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alikuwa mtu mrefu mkavu wa miaka arobaini hivi, amekaa juu ya boksi, viganja juu ya magoti. Mlango ulipofunguliwa hakuuliza habari zake mwenyewe.

"Ameweza kumeza?"

Kazimili akamwambia hapana, na kwamba ana homa kali na amekakamaa mwili mzima. Akavuta boksi lingine akaketi. Akamwomba amweleze tangu mwanzo kwa nini alimchoma mgongoni mtu ambaye fomu inasema alilazwa nusu kaputi, na aeleze kama anavyomweleza mtu ambaye hakusoma udaktari.

Niyibizi alieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kambini. Jumatano asubuhi alimtazama mzee akiletwa kutoka wodini. Mzee alitembea kwa hatua fupi za kuburura. Uso haukubadilika hata alipoumia. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kikisugua cha shahada kama mtu anayesokota tumbaku, na mkono ulitulia alipoutumia. Ugonjwa huo aliujua, unaitwa Pakinsoni. Mtu wa namna hiyo koo lake ni zembe, na huyu tumbo lilikuwa limejaa matapishi. Ukimlaza nusu kaputi, matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Ule mvuke wa usingizi wa kuvuta huchezea moyo wa mtu anayetumia dawa za ugonjwa huo, na ketamini hupandisha presha kwa nguvu. Tena aliyelala hawezi kumeza, na mgonjwa wa Pakinsoni akikosa vidonge vyake hata siku mbili, mwili unaweza kufunga.

"Nilichagua ganzi ya mgongo ili abaki macho," alisema. "Aongee na mimi. Akitoka tu, ameze dawa yake."

"Dawa gani? Mkewe anasema hana dawa."

"Nilimwuliza mkewe mlangoni. Nikamwuliza mzee mwenyewe mezani, mara mbili, kwa Kirundi na kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Walikataa wote wawili. Nikasema basi, labda ugonjwa ni mpya, hajaanza dawa. Lakini moyo wangu haukutulia, na jana nilipotaka kurudi kumwangalia, nilikuta watu wamejaa wodini."

Kazimili akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa mbili. Wenzake walimcheka kwa kuandika upuuzi, na leo upuuzi ndio alionao. Akasoma habari ya Pasaka, ya bega lililocheza lenyewe kanisani.

Niyibizi alisimama. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Pakinsoni hutetemesha, afande. Haichezeshi. Bega kucheza hivyo, kujinyonganyonga, si ugonjwa unaofanya vile. Ni dawa yake. Ni levodopa, tena ya mtu aliyeinywa muda mrefu, mwaka, miaka miwili. Huyu mzee anakunywa vidonge. Tangu Jumanne havipati. Mungu wangu, na wanamchoma nini huko wodini?"

Kazimili alikuwa amenakili karatasi ya dawa. Dripu, dawa ya maumivu, na sindano ya kuzuia kutapika kila baada ya saa nane, kama anavyopewa kila aliyepasuliwa tumbo. Tangu Jumanne usiku alikuwa amechomwa mara nane.

Niyibizi alijifunika uso kwa viganja. Alipovitoa alieleza kwa maneno machache: ubongo wa mzee una kiu ya kitu ambacho vidonge ndivyo vinavyokileta, na sindano ile ya kutapika huziba hata kile kidogo kilichobaki. Kwa mgonjwa mwingine ni dawa nzuri tu. Kwa huyu, Agripina alikuwa akimfungia mlango kila baada ya saa nane, kwa nia njema, kama alivyofundishwa.

"Ataishi mpaka lini hivi?"

"Homa hii, bila dawa? Jumapili ni mbali."

Kazimili hakuwa mtu wa kukimbia, lakini siku hiyo walinzi walimwona akipanda ngazi mbili mbili. Alimkuta Agripina, akamweleza, na sindano ya saa nane ikafutwa. Agripina hakujitetea. Aliichukua karatasi, akauma midomo, machozi yakamtoka akiwa amesimama, kisha akaenda kuchota maji ya kumpoza mzee.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Kazimili aliwatoa watu wote wodini waliokuwa na miguu ya kutembea, akaketi sakafuni mbele ya Bi Speciosa, jambo lililomshangaza mama huyo, maana hakuwahi kuona inspekta akikaa chini.

"Mama, saa moja, saa saba, saa moja. Kwa nini saa hizo?"

Mama alikaza fundo la kanga kiunoni.

"Ng'ombe hana habari na saa saba. Mtoto hanyonyi kwa saa. Anayeuliza saa namna hiyo ni mtu anayegawa dawa."

Bi Speciosa alimtazama mume wake, akatazama mlango. Kazimili hakumtisha. Alimweleza yote aliyoelezwa stoo, bila kupunguza. Mwisho akamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kifo chenyewe kimeshapiga hodi.

Mama akaingiza mkono kati ya kanga zake mbili. Alifungua fundo kiunoni, akatoa bahasha ndogo ya kaki iliyolowa jasho, akaiweka kwenye kiganja cha inspekta. Ndani mlikuwa na vidonge kumi na viwili. Siku tatu alikuwa amekaa navyo kiunoni, hatua moja kutoka kwa mtu anayekufa kwa kuvikosa.

"Walisema asiweke kitu mdomoni mpaka apasuliwe," alisema kwa sauti ya chini. "Nikatii. Baada ya kupasuliwa, usiku watu walipolala, nilimpa kimoja kwa kujificha, kikamtoka na mate. Meno yamefunga. Nikabaki nahesabu saa tu."

"Kwa nini hukumwambia muuguzi?"

Akamwonyesha bahasha. Ilikuwa na mhuri wa zahanati ya kambini. Chini ya mhuri, kwa kalamu ya buluu, jina: Nyandwi. Kimoja, mara tatu kwa siku.

Kazimili akalielewa lote kwa mara moja. Dawa ile haikuwepo hospitali yoyote ya wilaya. Ilikuwepo kambini peke yake, kwa wenye kadi. Na Mhangaza, mwenyeji wa hapa, na Mrundi wakikaa pamoja wakaongea, hakuna atakayewatenganisha ila kadi. Miaka miwili iliyopita, mzee alipokuwa hawezi tena kufunga kifungo cha shati, shemeji mmoja aliyekuwa kambini alimwandikisha, na Bartholomayo wa Mbuba akawa Nyandwi, mkimbizi. Kila mwezi alikwenda kuchukua vidonge. Kutoa bahasha ile getini, au wodini, ilikuwa ni kujipeleka polisi.

Kazimili aliivunja minyororo ya taratibu zote alizofundishwa: alimtoa mtuhumiwa mwenyewe stoo, akampeleka kando ya kitanda. Niyibizi alisaga vidonge viwili kwa kijiko, akavichanganya na maji, akaingiza mpira wa puani taratibu mpaka tumboni, akamimina. Frednand, aliyekuwa amerudi mlangoni, alitaka kumrukia. Mama yake alimshika mkono.

"Mwache," alisema. "Kosa ni letu."

Akamweleza mtoto wake hapo hapo, habari ya kadi na bahasha. Frednand alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kukaa kwenye kitanda kilichokuwa tupu.

Sasa hapo ndipo wengi wangedhani kesi imekwisha. Kazimili alijua haijaanza. Ofisa uhamiaji atakayekuja na lori alikuwa na fomu ya uongo, tundu la sindano, mhudumu asiye na cheti na kijiji kilichokasirika. Ili Niyibizi asipande lori lazima ioneshwe kwa maandishi kwamba mzee alikuwa na ugonjwa kabla hajaguswa. Na maandishi hayo yalikuwa sehemu moja duniani.

Aliomba redio ya upepo ya misheni, akaita zahanati ya kambi. Alipokea muuguzi mmoja aitwaye Véronique. Ndiyo, alisema kati ya mikwaruzo, anaye mgonjwa Nyandwi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, Pakinsoni, mkono wa kulia, faili ni la miaka miwili na limeandikwa vizuri. Vidonge vyake daktari wao huviagiza kwao Ulaya. Alitakiwa kuja Jumatano, hakuja, na yeye ana wasiwasi. Je, ana Bartholomayo? Hapana, jina hilo halijui.

Kazimili alirudi wodini na karatasi ya maelezo. Alimwambia Bi Speciosa kwamba anachohitaji ni sentensi moja na dole gumba lake: kwamba Nyandwi wa faili lile ndiye Bartholomayo wa kitanda hiki.

Mama aliurudisha mkono wake nyuma.

"Nikisema, kadi itachukuliwa?"

"Itachukuliwa."

"Na vidonge?"

"Sijui, mama. Siwezi kukudanganya."

"Kumi nimebaki navyo. Ni siku tatu na kidogo. Kisha huyu anarudi kuwa gogo, nami nimtazame." Alikuwa akilia sasa, wazi, bila kujifuta. "Mwambie huyo kijana anisamehe. Nilimdanganya mlangoni na nitamdanganya tena. Mimi nina mume mmoja."

Niyibizi alisikia. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda akimgeuza mzee ubavu. Kazimili angeweza kumtisha mama yule. Sheria ilimruhusu. Alikaa tu na karatasi yake magotini, na ilipofika saa saba Bi Speciosa hakuuliza saa. Niyibizi aliangalia saa ya inspekta, akasaga kidonge kingine.

Kufikia saa nane mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umelegea. Saa nane na nusu alipepesa kope, mara moja, kisha mara nyingi. Agripina akapima homa, ikawa imeshuka kidogo, akapima tena kwa kutoamini. Frednand alisogea, akapiga magoti, akaita baba. Saa tisa mzee alimeza mate yake mwenyewe, na Niyibizi akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa hajalala.

Lori lilisikika likipanda kilima saa kumi kasorobo. Wale wanaume wa getini wakalipisha njia. Ofisa uhamiaji aliingia na kofia mkononi, mtu mpole, mwenye haraka ya kufika mpakani kabla ya giza. Alisoma maelezo ya Modestus akaguna. Alisema anaona mhudumu amekiri kufanya kazi ya daktari, na kuhusu huo ugonjwa wa zamani, karatasi iko wapi? Kazimili akasema karatasi ipo, kwa jina lingine. Ofisa akatabasamu kwa huruma, akawaita vijana wake wawili. Niyibizi alivua koti jeupe, akalikunja, akamkabidhi Agripina. Akamwelekeza mara ya mwisho: kidonge kimoja saa moja, asipewe ile sindano, akae ameinuliwa kichwa.

Ndipo sauti ikatoka kitandani. Ilikuwa ndogo, kavu, ya mtu anayenong'ona kisimani, na kila mmoja ilibidi asogee.

"Nilikuwa nawasikia," alisema Mzee Bartholomayo. "Siku zote hizi. Nawasikia."

Bi Speciosa alimshika bega. Alimwambia kwa Kihangaza apumzike, asiongee, akatikisa kichwa mara nyingi. Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akageuza macho, kwa taabu, mpaka kwa Kazimili.

"Andika," alisema.

Kazimili alifungua karatasi juu ya goti. Utaratibu ni utaratibu, na swali la kwanza la maelezo ni lilelile kwa mwizi na kwa padri.

"Jina lako kamili, mzee."

Nje lori lilikuwa linanguruma, dereva hakuzima injini. Mzee alivuta pumzi mara mbili.

"Bartholomayo, wa Mbuba," alisema. "Na kambini, Nyandwi. Miaka miwili. Yaandike yote mawili. Huyu mtu aliniuliza mara mbili, na mimi ndiye niliyemwambia sina ugonjwa."

Kazimili aliandika, akasoma kwa sauti alichoandika, ofisa uhamiaji akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake na kuwaashiria vijana wake watoke bila Niyibizi. Ikabaki sahihi. Mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka tena kama zamani, na dole gumba halikutulia juu ya wino hata alipojitahidi. Bi Speciosa ndiye aliyelishika kwa mikono yake miwili, akalikandamiza mwenyewe kwenye karatasi.